Mjukuu wa Ezekiel

Desmond Tillery aliingia mji wa Port Ashby, Karolina Kusini, akiwa na suti ya kitani, viatu vilivyong'aa kuliko historia yake, na majina manne ambayo aliyabadilisha kulingana na hali ya hewa. Alikuwa ameondoka Jacksonville kwa sababu za kiafya: kulikuwa na watu huko waliotaka kumvunja miguu.

Port Ashby ni mji mdogo ambao haujasahau kitu tangu uanzishwe. Mialoni imefunga barabara juu kwa juu, mimea kama ndevu za kijivu inaning'inia matawini, na kila jiwe lina mtu wa kulisimulia. Desmond aliupita wote kwa muda wa kumaliza sigara moja, akafika Mtaa wa Kanisa, na hapo miguu yake, ile ile iliyokuwa hatarini, ikasimama yenyewe.

Mbele yake ilikuwa nyumba ya ghorofa mbili yenye kibaraza kipana kilichotazama mto. Rangi ilikuwa imebanduka kama ngozi ya mtu aliyelala juani, mbao za sakafu zimeoza, na ngazi ya mbele imepungukiwa meno. Mlangoni Kamati ya Majengo ya Kale ilikuwa imepigilia tangazo: kama kibaraza hakitatengenezwa na nyumba kupakwa rangi kabla ya Jumamosi ya mkesha wa Pasaka, itabomolewa kwa usalama wa umma.

Mtu mwema angesoma tangazo lile akahuzunika. Desmond alilisoma akasikia njaa. Nyumba nzuri, haina mtu, na haina muda! Kwa mtu wa taaluma yake, hiyo ilikuwa sawa na kukuta kuku aliyekwisha kukaangwa akitembea barabarani.

"Kijana!"

Sauti ilitoka kibaraza cha ng'ambo. Bibi mmoja mnene alikuwa kwenye kiti cha kubembea, bakuli la kunde mapajani, akimtazama kwa utulivu wa hakimu aliyeshiba.

"Wewe ni wa nani?"

Kwingineko Marekani mgeni huulizwa anafanya kazi gani. Port Ashby huulizwa ni wa nani. Na akionekana si wa mtu yeyote hutafutiwa mtu hapo hapo, maana si heshima kumwacha binadamu azurure mjini bila ukoo. Desmond alikuwa ameisikia sifa hiyo tangu akiwa kwenye basi, na alikuwa na kanuni moja aliyoiheshimu kuliko zote: usiseme uongo ambao mwenzako yuko tayari kukusemea.

Akavuka barabara, akavua kofia.

"Bibi, babu yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akinisimulia habari za nyumba moja yenye kibaraza kipana..." Akaishia hapo, akainamisha kichwa kama mtu anayepigana na machozi. Machozi hayo yaliwahi kumpatia gari zima kule mji wa Mobile.

"Ludie!" bibi akaita. "Ludie, njoo utazame masikio haya!"

Mlango wa jirani ukafunguka, akatoka bibi mwingine, mwembamba kama fimbo, amevaa glavu za bustani. Akamzunguka Desmond taratibu, kama mtu anayenunua kabati.

"Hayo masikio ni ya Ezekiel," akatoa hukumu.

"Ya Ezekiel kabisa! Hata namna yanavyosimama."

"Mwanangu, usiniambie wewe ni mjukuu wa Ezekiel?"

Desmond akaweka mkono kifuani. "Bibi zangu, mmeniona tu, mmenijua."

Msomaji atazame kwa makini: hakusema ndiyo.

Yule mnene akajitambulisha kuwa ni Bi Vashti Chisolm, na mwembamba ni Bi Ludie, binamu yake. Wakamkalisha, wakampa chai baridi iliyotiwa sukari kiasi cha kijiko kusimama wima, na Desmond akauliza kwa sauti ya yatima, "Na katika nyumba ile, shangazi, nani anaishi?"

"Hakuna."

"Ndugu wengine je?"

"Hapa mjini?" Bi Vashti akatikisa kichwa. "Hapa mjini hayupo hata mmoja anayeweza kupanda ngazi."

"Basi nimebaki mimi tu."

"Kunywa chai, mwanangu," akasema Bi Ludie. "Kunywa. Utahitaji nguvu."

Mnunuzi alipatikana jioni ile ile, na bila kutafutwa sana. Kuna ugonjwa unaowapata wageni katika miji ya namna hii. Huanza na kiti cha kubembea. Mgonjwa huja kwa siku chache tu, akala kamba wa baharini na uji mzito wa mahindi, akapigwa na upepo wa mto, na kabla hajarudi kwao anatangaza kwamba roho yake siku zote ilikuwa ya hapa. Bwana Thurlow Wickersham, mstaafu wa biashara ya bima kutoka Connecticut, alikuwa katika hatua za mwisho za ugonjwa huo. Alikuwa amekwisha kununua kofia ya ukindu.

Desmond alimkuta kwenye kibaraza cha nyumba ya wageni, akakaa jirani yake, akashusha pumzi nzito.

"Una shida, rafiki yangu?" Bwana Wickersham akauliza.

"Urithi, bwana. Nimerithi gofu la babu pale Mtaa wa Kanisa. Mimi mtu wa mjini, nyumba ya kale nitaifanyia nini? Natamani nipate mtu anitue mzigo huu."

Kisha akataja bei. Ilikuwa bei ya kipumbavu, bei ambayo mtu angeitaja kama hajawahi kuona nyumba wala pesa. Bwana Wickersham alikohoa muda mrefu ndani ya leso ili kuficha furaha yake.

"Ni gofu kweli," akasema alipopona. "Nani angelitaka? Lakini nina huruma. Huo ndio udhaifu wangu."

"Naona, bwana. Unaonekana usoni."

"Ila kuna lile tangazo mlangoni. Siwezi kununua kifusi. Kamati ikiipitisha nyumba Jumamosi, Jumamosi hiyo hiyo nakuletea fedha taslimu kwenye mkoba, tunapeana mikono, mawakili watamalizia."

"Na mbao je? Na rangi?" Desmond akamtazama kwa macho ya ndama. "Bwana, mrithi ni mimi, lakini mfukoni sina hata senti."

Bwana Wickersham akapiga hesabu ya kile anachokwenda kumdhulumu kijana huyu, akaona gharama ya mbao ni ndogo. Akaahidi kuleta fedha asubuhi.

Mpango wa Desmond ulikuwa rahisi na mtamu: apokee bahasha ya mbao, apande basi la saa kumi, mbao zibaki msituni zilikozaliwa. Lakini kesho yake Bwana Wickersham alipofika na bahasha, alimkuta Desmond amekalishwa tena ng'ambo, mbele ya sahani ya mayai. Na Bwana Wickersham, kama wenzake wengi wa kule kaskazini, alikuwa na sauti ya kutangazia treni.

"Hizi hapa! Za mbao na rangi!"

Desmond alinyoosha mkono. Mkono wa Bi Vashti, ambao ulionekana mzito, ulifika kwanza.

"Za mbao na rangi!" bibi akasema, na bahasha ikatoweka kifuani mwake, mahali ambapo tapeli mwenye malezi asingeweza kuifuata. "Mungu akuzidishie, baba. Ludie, pigia simu duka la mbao."

Saa nane mchana lori likamwaga mbao uani. Desmond akazitazama, akatazama barabara ya kituo cha basi, akaufikiria mkoba wa Jumamosi. Samaki mdogo alikuwa amemponyoka. Mkubwa alikuwa bado majini, na ndoano ilikuwa brashi.

Akavua koti.

Kwa heshima ya marehemu suti ile, hatutaeleza yote yaliyofuata. Itoshe kusema kwamba Desmond, ambaye hadi siku hiyo hakuwahi kuinua kitu kizito kuliko kadi za karata, aling'oa mbao zilizooza, akapigilia mpya, akakwangua ukuta kwa msasa mpaka vidole vikasahau kukunjika. Mabibi walikaa ng'ambo kwenye viti vyao kama mabwana wa bweni siku ya usafi, wakimsimamia.

"Mjukuu wa Ezekiel!" Bi Ludie akapaza sauti. "Mbona unashika brashi kama unapiga mswaki?"

"Ni mtindo wa Atlanta, bibi!"

"Basi Atlanta wana meno machafu! Rudia hapo kwenye nguzo!"

"Mwache apumzike," Bi Vashti akamtetea. "Apumzike akiwa anapaka ya pili."

Vita vikubwa vilikuwa vya dari. Dari la kibaraza katika mji huo hupakwa buluu, kwa sababu mzimu ukitazama juu hudhani ni maji, na mizimu ya huko haivuki maji. Hilo halina ubishi. Ubishi ni buluu ipi. Desmond alipaka ya kwanza, Bi Ludie akasema hiyo ni buluu ya hospitali, haitazuia hata nzi. Akapaka ya pili, Bi Vashti akasema mzimu wa kwanza kupita utaomba kupanga chumba. Ya tatu waliitazama, kisha Bi Ludie akasema, "Mama angeikubali," na wote wawili wakafuta macho. Desmond, juu ya ngazi, shingo imekakamaa na buluu puani, alijikuta akiona fahari. Aliishtukia haraka, akaikemea.

Magari ya farasi yalipita kutwa na wageni wa mji, na wageni walimpiga picha kama sehemu ya historia. Alhamisi mchana gari moja lilisimama chini ya ngazi yake, na mwongozaji mwenye kofia ya manyoya akaanza wimbo wake:

"Nyumba hii ilijengwa na Nahodha Abram Chisolm, rubani wa meli aliyezaliwa utumwani na kufa akimiliki boti tatu. Mbao zake zote zilivutwa kutoka bandarini na nyumbu mmoja mashuhuri, aliyezikwa hapa nyuma kwa heshima zote. Aliitwa Ezekiel!"

Wageni wakacheka. Desmond alikamata ngazi kwa mikono miwili.

"Samahani," akaita. "Hapakuwa na Ezekiel mwingine? Mtu?"

"Si katika ukoo huu, bwana. Ezekiel ni huyo mmoja tu. Na nyumbu, chotara wa punda na farasi, kama mnavyojua, hazai!"

Gari likaondoka kwa vicheko na kwato. Desmond alibaki juu, akitafakari kwamba amepewa babu mwenye mkia. Mtu mwingine angetelemka ngazi ile na kukimbia mpaka Georgia. Lakini kiburi ni mshauri wa haraka, na ushauri wake ulikuwa huu: bibi amezeeka, akili zimechanganyika, anakumbuka nyumbu akidhani ni mjomba. Afadhali! Ng'ombe wa kukamuliwa amejifunga kamba mwenyewe. Akatazama ng'ambo kwa huruma ya dhati. Bi Vashti akampungia mkono. Naye akampungia.

"Usisahau chini ya ukingo, mwanangu!"

"Sisahau, shangazi!" Akapaka chini ya ukingo.

Jumamosi asubuhi mkaguzi wa Kamati alifika na kikaratasi cha rangi zilizoruhusiwa, akagonga mbao, akarukaruka sakafuni, akalala chali kutazama dari. Bi Vashti alikuwa amesimama getini. Mikono yake iliushika uzio kwa nguvu. Mama yake alizaliwa katika nyumba ile, na mama wa mama yake. Desmond aliiona ile mikono, akatazama pembeni.

Mkaguzi akainuka, akapangusa suruali, akang'oa tangazo mlangoni.

"Imepita," akasema. "Fundi ni nani? Kazi safi."

"Ni wa nyumbani," akasema Bi Vashti.

Mkaguzi hajafika kona, Bwana Wickersham akatokea. Kofia ya ukindu kichwani, mkoba mkononi, na macho ya mtu anayekwenda kumpora yatima kwa adabu. Desmond akamlaki kibarazani, mkono umekwisha kunyooka. Basi lilikuwa linaondoka baada ya saa moja. Alibakiza hatua moja.

Ndipo yakaja mabasi mengine.

Yalikuwa mawili makubwa, na nyuma yake magari yenye namba za Pennsylvania, Michigan, New York na kwingineko. Yakajaza Mtaa wa Kanisa kutoka kona hadi kona. Milango ikafunguka wakamwagika watu: wazee wenye mikongojo, mashangazi wenye sufuria, vijana, wachanga migongoni. Wote walivaa fulana za zambarau, na kifuani mwa kila fulana ilichorwa nyumba ile ile, na chini yake neno CHISOLM.

"Nyumba imepakwa!" mtu akapiga ukelele.

"Detroit mmetuma fundi?"

"Si nyie wa Philadelphia mliotuma?"

"Sisi? Tulijua ni nyie!"

Bwana Wickersham akaukumbatia mkoba. "Watu hawa ni nani?"

"Wageni," Desmond akasema haraka. "Watalii. Tupeane mikono, bwana, tu..."

"Wenye nyumba," akasema Bi Vashti, akipanda vidato vipya vya kibaraza bila kutazama chini. "Nahodha Abram alikufa bila wosia, baba. Kwa hiyo nyumba ni ya uzao wake wote kwa pamoja, na haiuzwi hata msumari mpaka wote waridhie. Unataka kununua? Hakuna tabu. Anza kuwauliza. Anza na huyo." Akamwonyesha mtoto mchanga aliyekuwa akitafuna kiatu chake.

"Mimi siuzi!" akasema mzee mmoja ambaye hakuwa ameulizwa.

"Mimi nauza sehemu yangu ya jikoni, ukinipa nyumba ya mbele ya bahari Hawaii!" akasema mwingine, na kibaraza kizima kikaangua kicheko.

"Uliniambia mrithi ni wewe!" Bwana Wickersham akamgeukia Desmond. Na Desmond, aliyeishi kwa mdomo tangu anyonye, akaanza kurudi nyuma kuelekea jikoni.

"Basi nataka pesa zangu za mbao!"

Lakini alikuwa amechelewa. Meza zilikuwa zimepangwa uani, sufuria za wali mwekundu na bamia zimefunuliwa, na mchungaji, naye wa fulana ya zambarau, alikuwa amekwisha kufumba macho. Alimshukuru Mungu kwa safari njema. Alimshukuru kwa chakula. Kisha, baada ya Bi Ludie kumnong'oneza, akamshukuru kwa sauti ya radi kwa ajili ya Bwana Thurlow Wickersham wa Connecticut, ambaye moyo wake mkunjufu ulinunua mbao hizi bila kutaka malipo. "Amina!" ukoo mzima ukaitika. Si rahisi kudai fedha ambazo mbingu zimekwisha kuzitolea risiti. Bwana Wickersham aliondoka na mkoba wake, sahani ya wali, na heshima asiyoitaka.

Katika amina hiyo Desmond alikula kona. Alipita jikoni, akatoka mlango wa nyuma, akakuta mtu ameketi kwenye kigogo karibu na geti dogo. Alikuwa Bi Vashti, na sahani iliyofunikwa kwa karatasi ya foili.

"Hukula," akasema.

Desmond alisimama. Nyuma yake ukoo ulikuwa umeanza kuimba. "Mlijua tangu lini, shangazi?"

"Tangu uvue kofia getini. Mtoto wa nyumbani havui kofia. Anapita moja kwa moja jikoni kufunua sufuria."

"Na mkanipa nyumbu."

"Nyumbu mzuri. Alivuta mbao zote hizi, halafu hakulalamika kama wewe." Bi Vashti akacheka polepole mpaka kigogo kikalia. "Usinung'unike, mwanangu. Kila mtu kule mbali hudhani mwenzake ametuma fundi, na mimi na Ludie magoti yamekataa ngazi. Tukapiga magoti hayo hayo tukaomba tuletewe mtu. Mwaka juzi tuliletewa bwana mmoja kutoka Memphis, aliyekuwa mwana wa Jeremiah. Akatutengenezea paa."

"Jeremiah ni nani?"

"Jogoo."

Desmond alitaka kukasirika. Alijaribu kweli. Lakini viganja vyake vilikuwa na malengelenge ya kazi halali, kibaraza kile kilikuwa kimesimama, na ndani ya karatasi ile kulikuwa na kuku wa kukaanga. Akaichukua sahani, akafungua geti.

"Ngoja kidogo," Bi Vashti akamwita. "Kamati imesema mwakani watakagua maji. Katika kazi yenu hiyo, hamna mtu anayejua mambo ya mabomba?"

Desmond akafikiri, mguu mmoja nje ya geti. Akamkumbuka jamaa mmoja wa Savannah, mrefu, mwenye majina sita, ambaye siku zote alijigamba kwamba hakuna awezaye kumtapeli yeye.

"Yupo," akasema. "Nimwambie aje lini?"

"Kabla ya joto," akasema Bi Vashti, akiinuka kurudi kwa watu wake. "Na mwambie aje na spana zake mwenyewe."